Kutibu kiwewe: hatua za kufuata kuanzia wiki za mwanzo hadi mwisho wa tiba

Mtu aliyenusurika ajali, ubakaji, vita au kipigo cha miaka mingi nyumbani huambiwa na watu wake wa karibu neno lile lile: sahau, songa mbele. Wanamtakia mema. Lakini kumbukumbu ya tukio la kutisha haitii amri. Ukiikimbia mchana hukufuata usiku kwa jinamizi. Ukiinyamazisha kichwani hujitokeza mwilini, moyo ukaenda mbio, mikono ikatoa jasho na tumbo likakaza, wala hujui kilichokuchokoza. Jeraha hilo la akili linaloachwa na tukio la kutisha ndilo kiwewe, na tiba zake zilizopimwa vizuri zaidi zinafanana kwa jambo moja: humsaidia mtu kuirudia kumbukumbu yake kwa mpangilio, akiwa mahali salama, mbele ya mtu anayeijua kazi hiyo.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kutibiwa na hajui aanzie wapi, aulize nini, wala atarajie nini. Hatua zinafuatana kwa sababu. Anayeruka za mwanzo na kukimbilia kusimulia kila kitu siku ya kwanza huwa katika hatari ya kuzidiwa na kuiacha tiba kabla haijamfaa.

Hatua ya 1: Jua kama unachopitia kinahitaji tiba

Katika siku na wiki za mwanzo baada ya tukio, karibu kila mtu huyumba. Usingizi hupotea, picha za tukio humrudia, hushtuka kwa kishindo kidogo, hulia bila mpango au hushindwa kulia kabisa. Huo si ugonjwa. Ni mwili na akili vikijaribu kulimeza jambo kubwa mno, na watu wengi hali hiyo huwapungua yenyewe kadiri siku zinavyokwenda, hasa wakiwa na watu wanaowajali na mahali pa kulala kwa amani.

Kinachofaa katika kipindi hicho ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mwongozo wake uliotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake mwaka 2011 umejengwa juu ya vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama mtu yuko salama na anahitaji nini kwa haraka. Msikilize bila kumchimba. Muunganishe na jamaa zake na huduma zinazomfaa. Hakuna mahali anapotakiwa kusimulia yaliyompata. Zamani ilikuwa kawaida kuwakusanya walionusurika janga, siku chache tu baadaye, na kumtaka kila mmoja aeleze kwa kikao kimoja alichokiona na alivyojisikia. Tafiti zilipokuja kulinganisha, zilionyesha kwamba kikao hicho cha mara moja hakikuzuia kiwewe kudumu, na baadhi ya watu kiliwaacha pabaya zaidi. Kwa hiyo asikulazimishe mtu kusimulia wiki ile ile, awe ndugu, kiongozi wa dini au mshauri.

Mwezi ukishapita na hali bado iko vile vile, au imezidi, hapo ndipo pa kutafuta tiba. Msongo wa baada ya kiwewe, ambao hospitalini huitwa kwa kifupi PTSD, uliingizwa rasmi kwenye orodha ya magonjwa ya akili ya Marekani mwaka 1980. Dalili zake hupangwa katika makundi manne. La kwanza ni kurudiwa na tukio: jinamizi, picha zinazoingia bila hodi, kujisikia kana kwamba linatokea tena sasa hivi. La pili ni kukwepa: kutopita barabara fulani, kutotazama habari, kumkatiza yeyote anayelitaja. La tatu ni fikra na hisia kubadilika: kujilaumu, kuona kwamba hakuna mtu wa kuaminika, kufa ganzi hata mbele ya unaowapenda. La nne ni mwili kuwa macho muda wote: hasira za ghafla, usingizi wa mang'amung'amu, kukaa ukiutazama mlango.

Kwa waliodhuriwa muda mrefu, kwa mfano utotoni au katika ndoa yenye ukatili, picha huwa pana zaidi. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, linatambua kiwewe changamani: pamoja na dalili za msingi, mtu hushindwa kuzimudu hisia zake, hujiona hafai wala hana thamani, na uhusiano na watu humshinda. Ukijitambua hapo, mwambie mtaalamu tangu kikao cha kwanza, kwa maana mpango wa tiba yako huenda ukahitaji muda zaidi.

Hatua ya 2: Weka usalama mbele

Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Judith Herman, aliupanga uponaji katika awamu tatu mwaka 1992: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwenye maisha na watu. Wataalamu bado wanabishana kuhusu urefu wa awamu ya kwanza, lakini sijui anayebisha kwamba usalama huja mwanzo.

Usalama hapa una maana ya kawaida kabisa. Kama anayekupiga bado ana ufunguo wa nyumba yako, kazi ya kwanza si kuchimbua kumbukumbu, ni kupata mahali pengine pa kulala na msaada wa kisheria. Hofu unayoisikia katika hali hiyo si dalili ya ugonjwa, inakuambia ukweli. Mshauri anayekufundisha kutulia ilhali hajauliza kama bado uko hatarini ameanzia pasipofaa.

Usalama ni pamoja na kukulinda wewe mwenyewe. Kama unawaza kujiua, kama umeanza kujidhuru, au kama husogei bila pombe au dawa za kulevya, sema hivyo wazi, na usisubiri miadi ya wiki ijayo. Kwa mawazo ya kujiua nenda hospitali iliyo karibu au piga simu ya dharura leo hii, na umwombe mtu akae nawe. Ondoa karibu yako vitu ambavyo ungeweza kuvitumia, au mkabidhi mtu akuwekee. Kuwa na mawazo hayo hakukufungii mlango wa tiba ya kiwewe. Kunabadilisha tu kinachoanza.

Hatua ya 3: Jifunze kuutuliza mwili kabla ya kuigusa kumbukumbu

Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala ndiyo inayopiga kengele ya hatari. Kwa mtu mwenye kiwewe kengele hiyo hulia kwa harufu, sauti au rangi inayofanana tu na ya siku ile, na ikishalia, sehemu ya mbele ya ubongo inayopima mambo kwa utulivu huzidiwa. Ndiyo maana kumwambia mtu huyo "tulia, hakuna kitu" hakusaidii. Inabidi mwili wenyewe upewe ushahidi kwamba hatari imepita.

Anza na pumzi. Vuta hewa kwa puani ukihesabu hadi 4, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Cha kuzingatia ni kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta, kwa sababu utoaji mrefu hupunguza mbio za moyo. Fanya kwa dakika 5, mara mbili kwa siku, na ufanye hasa ukiwa mzima. Mbinu iliyozoewa katika utulivu ndiyo inayopatikana wakati wa hofu. Ile unayoijaribu kwa mara ya kwanza katikati ya hofu hukuponyoka.

Ya pili ni kujirudisha hapa na sasa. Taja vitu 5 unavyoviona, 4 unavyoweza kuvigusa, sauti 3, harufu 2, na ladha 1. Kanyaga sakafu kwa nguvu, nawa uso kwa maji baridi, sema kwa sauti tarehe ya leo na mahali ulipo. Hii huwafaa zaidi wale ambao tukio likiwarudia hupotea, wakawa kama wanajitazama kwa mbali au wasisikie wanachoambiwa. Wenye hali hiyo wasianze na kufumba macho na kupumua, kwani wengine kufumba macho huwatupa mbali zaidi.

Kuna na jinamizi, ambalo lina mbinu yake. Mchana, ukiwa umekaa vizuri, andika ndoto inayokurudia. Kisha ibadilishe popote unapotaka: mwisho mwingine, mlango unaofunguka, mtu anayefika kukusaidia. Si lazima iwe na mantiki. Ipitie hiyo mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku, na uiache ile ya zamani bila kuirudia. Ukianza, chukua ndoto isiyo kali sana.

Mbinu hizi hazitibu kiwewe. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi huishia hapa, wakapumua na kutulia kwa miaka, huku kumbukumbu yenyewe ikiwa haijaguswa. Kazi yake ni kukupa uwezo wa kuingia hatua ya tano na kutoka ukiwa salama. Wiki chache za mazoezi huwatosha watu wengi. Maandalizi yasiyokwisha nayo yanaweza kugeuka njia ya kukwepa.

Hatua ya 4: Mtafute mtaalamu na umhoji

Cheo peke yake hakikwambii mengi. Daktari wa magonjwa ya akili anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba na mshauri nasaha kwa kawaida hawaandiki. Lakini wote watatu wanaweza kuwa wamefunzwa tiba ya kiwewe au hawajafunzwa kabisa. Kwa hiyo uliza, na usione haya, maana ni wewe unayempa mtu huyo jambo zito kuliko yote uliyo nayo.

Umefunzwa tiba ipi ya kiwewe, na nani aliyekusimamia ulipokuwa unajifunza? Vikao vitakuwa vingapi kwa makadirio? Kila kikao kitafanyika nini? Tutajuaje kama ninapata nafuu? Nikizidiwa kati ya kikao na kikao nifanye nini? Ninayokwambia unaweza kulazimika kumwambia nani, na katika hali zipi? Swali hili la mwisho lisisahaulike. Usiri una mipaka yake, hasa palipo na mtoto aliye hatarini au tishio la kuua au kujiua, na ni haki yako kuijua mipaka hiyo kabla hujafungua mdomo.

Mtaalamu mzuri hujibu maswali haya bila kukasirika. Anayesema "tutazungumza tu, tuone" na akaendelea hivyo mwezi wa pili na wa tatu anaweza kuwa msikilizaji mwema, lakini hatibu kiwewe. Mwache mara moja yeyote anayekushika bila idhini, anayekutaka kimapenzi, anayekwambia usimweleze mtu kwamba unakuja kwake, au anayeshurutisha umsamehe aliyekudhuru ndipo upone. Juu ya msamaha nina msimamo: mtu anaweza kuufikia kwa imani yake na kwa wakati wake, na wengine huupata na kuufurahia, lakini si sharti la tiba yoyote kati ya hizi nitakazozieleza. Waathirika wengi wameumizwa mara ya pili kwa kukalishwa mezani na waliowadhulumu kwa jina la upatanisho.

Ukiwa na sababu ya kutaka mtaalamu mwanamke, au mwanamume, au anayezungumza lugha unayoiotea ndoto, omba. Kumbukumbu mara nyingi hujitokeza kwa uwazi zaidi kwa lugha iliyotumika tukio lilipotokea.

Hatua ya 5: Chagua njia, pamoja naye

Msemo wa wahenga kwamba mficha maradhi kifo humuumbua una ukweli, ila hausemi umfunulie nani, lini, na kwa namna gani. Tiba zifuatazo zinatofautiana hapo hasa.

Tiba ya kukabili kwa kurudia iliendelezwa na Edna Foa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Huchukua vikao 8 hadi 15, kila kimoja kama saa moja na nusu. Inafanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, unasimulia tukio ukiwa umefumba macho, kwa wakati uliopo, yaani "nafungua mlango, namwona," tena na tena ndani ya kikao kimoja. Sauti yako hurekodiwa nawe huisikiliza nyumbani kila siku. Pili, mnaandika orodha ya mambo unayoyakwepa ingawa si ya hatari, mkiyapa alama za hofu kutoka 0 hadi 100, na unayakabili moja baada ya jingine kuanzia mepesi. Mtu aliyegongwa na gari anaweza kuanza kwa kukaa ndani ya gari lililozimwa, kisha kupanda kama abiria kwenye barabara tulivu, mwisho akapita pale pale alipogongwa. Kanuni ni kubaki katika hali hiyo muda wa kutosha mpaka ujionee kwamba unachokiogopa hakikutokea na kwamba hofu yenyewe unaihimili. Ukitoroka hofu ikiwa juu, akili inajifunza kwamba kutoroka ndiko kulikokuokoa. Njia hii ni ngumu, na ni miongoni mwa zilizopimwa zaidi. Inamfaa hasa ambaye kukwepa kumemfungia maisha.

Tiba ya kuchakata fikra ilibuniwa na Patricia Resick na kwa kawaida ina vikao 12. Hapa uzito uko kwenye maana uliyojipa kuhusu tukio kuliko kwenye picha zake. Mwanzoni unaandika ukurasa mmoja hivi: kwa nini nafikiri jambo hili lilinipata, na limebadilishaje ninavyojiona, ninavyowaona watu na dunia. Humo mtaalamu hutafuta fikra zilizokwama: "ningepiga kelele asingenibaka," "mwanaume wa kweli angewaokoa wenzake," "siwezi kumwamini mtu tena." Kisha mnazihoji moja moja. Ushahidi uko wapi? Ulijua nini dakika ile, kabla hujajua kitakachofuata? Je, unachanganya kutokea kwa jambo na kulisababisha? Vikao vya mwisho hupitia maeneo matano: usalama, uaminifu, mamlaka juu ya maisha yako, heshima, na ukaribu na watu. Si lazima usimulie tukio kwa undani, na kwa waliolemewa na hatia na aibu, hii ndiyo ambayo mimi ningependekeza ianze kufikiriwa. Wala isidhaniwe ni ya wasomi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako wanawake walionusurika ukatili wa kingono, wengi wao wasiojua kusoma, walipewa tiba hii kwa vikundi na wasaidizi wa jamii waliofundishwa. Wakapata nafuu kubwa kuliko waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja.

Tiba ya kusogeza macho, inayojulikana zaidi kwa kifupi EMDR, ilianzia kwa Francine Shapiro mwaka 1987. Unaishika akilini picha mbaya kuliko zote ya tukio, pamoja na wazo linaloambatana nayo na mahali unapoisikia mwilini, huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu kwenda kushoto na kulia. Wengine hutumia kugonga viganja au mlio wa sikio hili na lile. Kila baada ya muda mfupi anasimamisha na kuuliza: nini kimekujia sasa? Unasema kwa neno moja au mawili, mnaendelea, mpaka uchungu wa picha hiyo ushuke karibu na 0 katika kipimo cha 0 hadi 10. Watafiti hawajaafikiana kama ni macho yenyewe yanayofanya kazi. Maelezo mojawapo ni kwamba akili inapobebeshwa mambo mawili kwa wakati mmoja, picha hupoteza ukali. Kwamba tiba kwa ujumla inasaidia, hilo lina ushahidi mzuri. Faida yake kubwa ni mbili: huongei sana, na huna kazi nyingi ya kufanya nyumbani. Anayeona maneno hayatoki aiulizie hii.

Tiba ya simulizi ilitengenezwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Ujerumani kwa ajili ya watu ambao hawakupatwa na jambo moja bali mfululizo: wakimbizi, walioteswa, waliokulia vitani. Mnatandaza kamba sakafuni kuwa ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Kila tukio jema linawekewa ua, kila tukio baya jiwe, dogo au kubwa. Kisha vikao vinavyofuata vinapita juu ya kamba hiyo kwa mpangilio wa miaka, mkisimama kwenye kila jiwe na kulisimulia kwa ukamilifu: ulikuwa wapi, uliona nini, mwili ulisikia nini, ulifikiri nini, na sasa ukikumbuka unasikia nini. Mtaalamu anaandika, anakusomea kikao kinachofuata, unasahihisha. Mwishoni unakabidhiwa simulizi ya maisha yako iliyoandikwa, ambayo wengine huitumia hata kama ushahidi wa haki za binadamu. Naithamini sana njia hii kwa sababu ya yale maua. Mtu aliyezoea kujiona kama rundo la mawe anakumbushwa kwamba aliwahi kufundishwa kuogelea, aliwahi kucheka, aliwahi kupendwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanyika katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, ulionyesha kwamba washauri wasio wataalamu, wakifundishwa vizuri, wanaweza kuitoa kwa mafanikio.

Pia kuna tiba ya kuandika, iliyoendelezwa na Denise Sloan na Brian Marx: vikao 5, katika kila kimoja unaandika kwa dakika 30 kuhusu tukio kwa maelekezo maalumu. Ni fupi na nyepesi kuihimili kuliko nyingine, ingawa bado inaongozwa na mtaalamu.

Kwa watoto mambo ni tofauti. Inayotumika sana ni tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, ya Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, kwa watoto wa miaka 3 hadi 18. Mzazi au mlezi asiyehusika na udhalimu hushiriki tangu mwanzo: anafundishwa namna ya kuzishika tabia ngumu, na karibu na mwisho anasikiliza simulizi ambayo mtoto ameitengeneza kwa maandishi, picha au wimbo. Mtoto asipelekwe tu mlangoni na kuachwa.

Huna haja ya kuzijua zote. Chukua mbili zinazokuelekea, mwambie mtaalamu, na mwamue. Kama amefunzwa moja tu, na amefunzwa vizuri, hiyo ni bora kuliko mtu aliyesoma zote juu juu.

Hatua ya 6: Jiandae kwa wiki ngumu

Vikao vya mwanzo vya kuigusa kumbukumbu huweza kuongeza jinamizi, hasira na uchovu. Kwa wengi hupita ndani ya wiki chache, na haimaanishi kwamba tiba inakudhuru. Hata hivyo ni hapa ambapo watu huacha, kwa kuwa hakuna aliyewaonya.

Panga vikao siku ambayo hutalazimika kurudi kazini moja kwa moja. Kula kabla. Baada ya kikao tembea, oga, lala mapema. Usinywe pombe jioni hiyo. Mwambie mtu mmoja kwamba una kikao, bila kulazimika kumweleza mlichozungumza. Ukijikuta unatafuta sababu ya kutokwenda, mvua, kazi, kichwa kinauma, nenda ukamwambie mtaalamu hivyo hivyo: "leo sikutaka kuja." Kikao hicho mara nyingi huwa chenye faida, kwa sababu mtakuwa mmekishika chenyewe, yaani kukwepa.

Ila kuna mipaka. Ukitoka kila kikao ukiwa umepotea, hujui umefikaje nyumbani, au mawazo ya kujiua yameanza au yamezidi, mnakwenda kasi mno. Mwombe arudi hatua ya tatu kwa muda.

Hatua ya 7: Dawa, kwa nafasi yake

Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe ndiyo inayotangulizwa na miongozo mingi. Dawa husaidia palipo na sonona nzito, pale mtu asipoweza kulala wala kukaa kwenye kikao, au pasipo na mtaalamu wa kuifanya tiba. Sertralini na paroksetini ndizo zilizoidhinishwa Marekani kwa ajili ya hali hii. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na hazisimamishwi ghafla bila daktari. Vidonge vya kutuliza vya kundi la diazepamu ni habari nyingine: vinaleta usingizi na ganzi ya haraka, vinazoesha mwili, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 visitolewe kutibu dalili za msongo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Kama unavitumia tayari kwa muda mrefu, usiviache peke yako kwa siku moja. Kuviacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Kwa anayeishi na mgonjwa

Usimwulize maelezo ya tukio. Uliza leo amelalaje. Usimguse kutoka nyuma. Akikukasirikia bila sababu, ondoka chumbani kwa muda, urudi, usilipize. Usimfanyie kila kitu anachokikwepa, kwa kuwa kila safari unayomwendea sokoni inaimarisha hofu yake. Mwulize mtaalamu wake, akiwa mwenyewe ameridhia, ni kwa vipi unaweza kumsindikiza badala ya kumwakilisha. Nawe uwe na mtu wa kuzungumza naye.

Hatua ya 8: Pima, badilisha, maliza

Tangu mwanzo mwombe mtaalamu atumie dodoso. Linalotumika sana kwa watu wazima lina maswali 20 na alama 0 hadi 80. Unalijaza kila baada ya wiki moja au mbili, na mnaona kama alama zinashuka au zimekwama. Alama zisiposogea kabisa baada ya vikao vinane hivi vya kazi halisi, si kosa lako, na si dalili kwamba hutapona. Ni wakati wa kuuliza: je, kuna tukio jingine ambalo sijalitaja? Kuna hatari inayoendelea? Kuna pombe? Je, nijaribu njia nyingine, au mtaalamu mwingine? Aliyeshindwa kusonga kwa kusimulia anaweza kusonga kwa kuzihoji fikra, na kinyume chake.

Kupona hakumaanishi kutokukumbuka. Utakumbuka, na pengine utalia, lakini utajua kwamba unakumbuka na kwamba tukio halitokei tena. Ukiweza kulisimulia ukabaki chumbani, ukilala usiku mwingi zaidi kuliko unaokesha, ukirudi kwenye mambo uliyoyaacha, mnaweza kuanza kuachisha vikao: kila wiki mbili, kisha kila mwezi.

Kabla ya kikao cha mwisho andikeni pamoja ukurasa mmoja. Juu weka dalili zako za mwanzo za kuteleza, zile unazozijua wewe: labda kuacha kupokea simu, labda kukagua kufuli mara nyingi. Chini yake mbinu mbili zilizokufaa zaidi, majina ya watu wawili wa kupigia, na tarehe ngumu za mwaka, kama siku ya tukio au ya kuzaliwa kwa uliyempoteza. Tarehe hizo zipangie mapema utakuwa wapi na nani. Dalili zikirudi siku ile na kupungua, hakuna la kufanya. Zikidumu zaidi ya wiki mbili, au ukianza tena kukwepa, piga simu uombe vikao vichache vya marudio. Mtaanzia pale mlipoishia, mkiwa na ukurasa huo mkononi.